Ndege wa Siberia, mpunga wa Bunyala na sumu inayovuka mpaka

Januari ni mwezi wa theluji huko Skandinavia na kaskazini mwa Urusi. Mito imeganda, ardhi imefunikwa, na ndege anayeishi kwa kudonoa tope hana pa kuingiza mdomo. Siku hizohizo, upande huu wa Ziwa Victoria mvua za vuli zimekatika, jua ni kali, na kwenye majaruba ya mpunga kuna maji na matope ya kutosha. Basi ndege wa kule huja huku. Wanafuata chakula kilipo, kama mfanyabiashara wa Busia anavyofuata soko lenye bei.

Watu wa pwani waliijua safari ya namna hii tangu zamani. Majahazi yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi. Ndege hawa nao huanza kuwasili Agosti na Septemba, hukaa kwetu miezi yote ya baridi ya Ulaya, kisha Machi na Aprili hupanda tena kaskazini kwenda kutaga. Wengine huruka zaidi ya kilomita 6,000 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi.

Mahali pazuri pa kuwaona kwa siku moja, bila kwenda mbali na barabara ya biashara, ni Ziwa Kanyaboli na mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya. Ziwa liko katika Kaunti ya Siaya. Mashamba yako Bunyala, ambako Kaunti za Busia na Siaya zinapakana, na maji yake yanatoka Mto Nzoia. Kati ya ziwa na mashamba kimetanda kinamasi cha Yala, chenye ukubwa wa hekta zipatazo 17,500. Anayelala Busia anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Anachohitaji ni darubini ya mkononi, viatu visivyoogopa tope, na kuamka mapema.

Lakini siku hiyo haitampa uzuri mtupu. Itamwonyesha pia biashara moja chafu ambayo imefanyika katika mashamba haya kwa miaka mingi, na ambayo mfanyabiashara wa mpakani ana nafasi kubwa ya kuikata kuliko anavyodhani.

Alfajiri ziwani

Saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijatoka sawasawa, ndege wa majini ndio kwanza wanaanza kazi. Mnandi, yule mweusi mwenye shingo ndefu, huzama na kuibuka mbali, kisha hupanda juu ya kisiki na kutandaza mabawa yakauke. Mdiria mweusi kwa mweupe husimama hewani akipiga mabawa mahali pamoja, halafu hujitupa majini kama jiwe. Furukombe hukaa juu ya mti mkavu, na sauti yake hufika ng'ambo ya pili ya ziwa. Juu ya majani ya yungiyungi hutembea ndege mwenye vidole virefu mno. Vidole hivyo hugawanya uzito wake asizame.

Wavuvi nao wako kazini na mitumbwi yao midogo. Kanyaboli ni ziwa dogo, lakini kwa mtu wa samaki lina jambo la pekee. Katika Ziwa Victoria, baada ya kuletwa kwa samaki ambaye Watanzania humwita sangara, Wakenya mbuta na Waganda mputa, aina nyingi za asili zilitoweka au zikabaki chache sana. Mmoja wao ni ngege wa asili, aliyekuwa kitoweo kikuu cha wazazi wetu kabla ya miaka ya 1950. Kanyaboli, kwa kutengwa na ziwa kubwa na mafunjo, ilibaki bila sangara. Ngege akapata pa kujificha humo, na wataalamu wa samaki huja kumtafuta huku.

Mwaka 2010 serikali ya Kenya iliitangaza Kanyaboli kuwa hifadhi ya taifa. Ndani ya mafunjo yake huishi pia nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizopanuka, ambaye si rahisi kumwona mchana.

Ndege wa Jumuiya

Jua likipanda, ondoka kwenye maji wazi usogee kando ya mafunjo. Hapa macho hayasaidii sana mwanzoni, tega sikio. Kuna ndege mmoja ambaye dume na jike huitikiana kwa haraka hivi kwamba utadhani ni sauti moja. Akitokeza, hutamsahau: mgongo mweusi, kifua chekundu kama damu, utosi wa manjano. Wataalamu humwita Laniarius mufumbiri. Haishi popote ila kwenye mafunjo, na mafunjo anayoyataka yako Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo. Nchi zote sita ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtalii wa Ulaya anayetaka kumwona hana budi kuja kwetu.

Mafunjo yenyewe ni mali. Huku hukatwa na kusukwa mikeka, na mikeka hiyo huuzwa sokoni. Yakikatwa kwa zamu, huota tena. Kinamasi kikikaushwa, hayarudi, na pamoja nayo huondoka ndege, nzohe na kazi ya kuchuja maji. Mafunjo ndiyo huzuia udongo na mbolea ya mashambani visiingie Ziwa Victoria moja kwa moja. Kwa hiyo hata mnunuzi wa dagaa wa Mwanza au mukene wa Jinja ana fungu lake katika kinamasi hiki, ingawa hajawahi kukiona.

Saa nne kwenye majaruba

Kuanzia saa nne hivi, ndege wengi huonekana mashambani. Hapa hakuna miti ya kuziba macho. Yangeyange weupe hufuata jembe na ng'ombe. Kwarara hupekua tope kwa mdomo uliopinda. Mbayuwayu wa Ulaya, mwenye koo la rangi ya kutu na mkia wenye panda, hupita chinichini akikamata wadudu juu ya mpunga. Buabua wadogo huja kwa makundi, huinama na kudonoa juu ya maji bila kutua. Kitwitwi hukimbia ukingoni akitikisa kiuno.

Kati yao utaona ndege mrefu kidogo, wa rangi ya kahawia, mwenye kichwa kidogo na shingo ndefu. Huyu ndiye mgeni wa mbali kuliko wengi: hutaga katika nyanda za baridi za Skandinavia na Siberia. Waingereza humwita ruff, kwa ajili ya kola kubwa ya manyoya ambayo dume huota shingoni wakati wa kutafuta jike. Huku huja bila mapambo hayo, katika nguo za kazi, na kwa siku nzima hula wadudu na viluwiluwi vya matopeni, pamoja na punje zilizodondoka. Katika makala haya tumwite kitwitwi mkubwa.

Mwingine wa kutazama ni korongo domo-wazi. Yeye ni Mwafrika. Huhama ndani ya bara hilihili akifuata mvua na mafuriko. Ni mweusi mwenye mng'aro, na mdomo wake una kasoro ya ajabu: taya ya juu na ya chini hazikutani katikati. Uwazi huo ni wa kazi. Chakula chake kikuu ni konokono wakubwa wa majini, na mdomo wa namna hiyo humsaidia kumtoa konokono katika gamba lake.

Ukibahatika utamwona na korongo taji, yule wa bendera ya Uganda. Hupenda vinamasi kwa kutaga na mashamba kwa kula. Tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka, kwa sababu vinamasi vinalimwa na watu hukamata vifaranga kwa ajili ya kufuga au kuuza.

Mkulima ana kesi yake

Tusimwonee mkulima. Si kila ndege wa shambani ni rafiki. Kwelea kwelea, mdogo kama shomoro na mwenye mdomo mwekundu, hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Gramu 10 si kitu mpaka uhesabu kundi: kwelea milioni 2 humaliza tani 20 kwa siku moja. Mpunga ukianza kukomaa, familia nzima huhamia shambani kuanzia alfajiri, na kombeo, mabati ya kugonga na madonge ya udongo.

Januari 2023 kwelea walivamia mashamba ya mpunga ya Kisumu, na serikali ikanyunyiza fenthioni mahali walipokuwa wakilala. Dawa hiyo huua kwelea, lakini haichagui. Ndege mwingine aliyelala mti huohuo hufa naye, na kipanga au bundi anayeokota mizoga huila sumu pamoja na nyama. Kondoa, nchini Tanzania, wako watu ambao kwa miaka mingi wamenasa kwelea kwa mitego na kuwauza kama kitoweo. Njia hiyo haiishi kwelea wote, lakini nyama yake haina sumu, na mtu hupata senti.

Hiyo ndiyo kesi ya mkulima, na ni ya haki. Kinachofanyika Bunyala kwa korongo domo-wazi na kitwitwi mkubwa ni kingine kabisa. Ndege hawa si wezi wa mpunga. Mmoja anakula konokono, mwingine anakula wadudu na punje zilizodondoka. Wanauawa ili wauzwe.

Jinsi mtego unavyowekwa

Mtafiti wa ndege wa Kenya, Martin Odino, alianza kufuatilia mauaji haya na kuyaeleza hadharani tangu mwaka 2009. Njia inayotumika ni rahisi, na ndiyo maana inatisha. Korongo domo-wazi aliye hai hufungwa kamba na kusimamishwa shambani. Wenzake wakipita angani wakamwona mwenzao ametulia chini, huamini mahali pale pana chakula na usalama, hushuka. Wanachokikuta ni nyama ya konokono iliyochanganywa na sumu. Kwa vitwitwi hutumiwa kumbikumbi na mchwa. Kwa njiwa, punje za nafaka. Ndege huanza kuyumba, mabawa hushindwa kumbeba, na mtegaji huenda kumwokota.

Sumu iliyotumiwa zaidi ni karbofurani, iliyojulikana sana madukani kwa jina la Furadan. Ni dawa ya shambani iliyotengenezwa kwa ajili ya wadudu na minyoo ya udongoni, kwa umbo la punje ndogondogo. Punje moja yaweza kumuua ndege mdogo. Hufanya kazi kwa kuharibu mawasiliano ya mishipa ya fahamu: mate hutoka ovyo, tumbo huvuruga, misuli hulegea, na mwisho pumzi hukatika. Mwili wa binadamu una mishipa ya namna hiyohiyo.

Walaji na wauzaji wa nyama hii wamekuwa na imani kwamba ukitoa gole na matumbo, ukachoma vizuri, sumu imekwisha. Si kweli. Ndege aliyeanguka ameanguka kwa sababu sumu imeshatoka tumboni na kuingia katika damu, na damu hufika katika kila mnofu. Asiyeanguka baada ya kula leo asijidai kesho, kwa maana hajui ndege wa kesho amekula punje ngapi. Mtoto, ambaye mwili wake ni mdogo, ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko wote mezani.

Sumu ina safari yake

Hapa ndipo habari inapofika kwa msomaji wa gazeti hili. Mwaka 2009, baada ya dunia kuonyeshwa simba wa Kenya waliouawa kwa karbofurani, kampuni iliyoitengeneza iliamua kuiondoa Furadan katika soko la Kenya. Mwaka huohuo Marekani ilifuta ruhusa ya mabaki ya sumu hiyo katika chakula. Hata hivyo, ndege wa Bunyala waliendelea kufa. Ripoti za miaka iliyofuata zilieleza kwamba dawa iliendelea kupatikana, nyingine ikiingia kutoka nchi jirani, na mara nyingi ikiuzwa kwa vipimo vidogo katika vifuko visivyo na jina.

Msafirishaji wa kifuko kama hicho huenda hajui anabeba nini. Anaambiwa ni dawa ya wadudu, anaiweka kati ya nguo za mitumba au chini ya gunia la mahindi, anavuka. Kwa hiyo mambo matatu yafaa yajulikane.

La kwanza, mwaka 2017 karbofurani iliongezwa katika orodha ya Mkataba wa Rotterdam, ambao Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo ni wanachama wake. Maana yake ni kwamba nchi haipaswi kuipeleka kemikali hiyo katika nchi nyingine kabla ya nchi inayopokea kutoa uamuzi wake. Kuibeba kimyakimya ni kuuvunja utaratibu huo.

La pili, kila nchi husajili dawa zake yenyewe. Kenya ina bodi yake ya kudhibiti dawa za wadudu, Tanzania ina mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, Uganda ina bodi ya kemikali za kilimo. Dawa iliyosajiliwa upande mmoja haijawa halali upande wa pili kwa sababu tu umevuka daraja. Utaratibu rahisi wa biashara, unaomsaidia mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, humpunguzia ushuru na makaratasi kwa bidhaa zilizoorodheshwa. Haumpi ruhusa ya kupitisha sumu.

La tatu, nyama yenyewe ni kosa. Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza kuwinda kwa ajili ya biashara ya nyama ya porini, na ndege wa porini wamo. Anayenunua ndege waliokwisha kunyonyolewa kando ya barabara ili akawauze mjini amenunua kesi, na huenda amenunua na wagonjwa.

Kuna hesabu nyingine. Wanunuzi kutoka Uganda huja katika mashamba ya magharibi mwa Kenya kuchukua mpunga na kwenda kuukoboa kwao. Soko hilo linasimama juu ya kuaminiana. Habari ikienea kwamba shamba fulani lilitandazwa sumu ya kuua ndege, mnunuzi hatauliza ilikuwa pembe ipi ya shamba. Atageuza lori, na aliyelima kwa jasho atakuwa analipia pupa ya mtegaji mmoja.

Waliofaidika na ndege walio hai

Jirani zetu wameonyesha kwamba ndege anaweza kumlisha mtu bila kuchinjwa. Karibu na Entebbe, Uganda, kuna kinamasi cha Mabamba, makazi ya korongo nyangumi mwenye mdomo kama kiatu. Zamani wavuvi wa pale walimchukia. Waliamini kwamba ukimwona asubuhi, nyavu zako zitarudi tupu, na wengine walimuua. Leo watalii hulipia mitumbwi ili wapelekwe kumtazama, na wavuvi walewale ndio manahodha na walinzi wake.

Rwanda ilianza upande mwingine. Korongo taji wengi walikuwa wamekamatwa na kufugwa kama mapambo katika nyumba na hoteli. Kuanzia mwaka 2014 walikusanywa, waliokuwa na nguvu wakarudishwa porini, na wale waliokatwa au kuvunjwa mabawa wakapewa makao katika kinamasi kilichotengenezwa upya mjini Kigali, ambako wageni huingia kwa kiingilio.

Kanyaboli na Bunyala hazina jina kubwa kama Mabamba, lakini zina ndege ambao watu husafiri kutoka mbali kuwatafuta. Kijana anayejua mahali korongo domo-wazi wanapotua ili awatege, ana ujuzi uleule anaohitaji kiongozi wa watalii. Tofauti ni kwamba ndege aliyeonyeshwa kwa mgeni leo ataonyeshwa kwa mwingine kesho.

Kila Januari, katika maziwa na vinamasi vya Afrika Mashariki, watu wa kujitolea hukusanyika kuhesabu ndege wa majini, kama sehemu ya hesabu ya kimataifa iliyoanza mwaka 1967. Kenya imekuwa ikihesabu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huhesabu Januari kwa sababu wageni wa kaskazini wametulia, hawajaanza kurudi. Mtu yeyote mwenye subira na darubini anaweza kujifunza, na mfanyabiashara anayepita barabara hizi kila wiki anaona mengi kuliko mtafiti anayekuja mara moja kwa mwaka.

Mwezi Machi, vitwitwi wakubwa watakaokuwa hai wataondoka Bunyala na kupanda kaskazini. Kabla ya hapo, ukipewa kifuko cha dawa kisicho na jina ukipeleke ng'ambo, kikatae na umwambie ofisa wa mpakani. Ukiona korongo amefungwa kamba katikati ya jaruba, usipite kimya. Toa habari kwa chifu au kwa ofisa wa wanyamapori aliye karibu. Na ukiuziwa ndege wa porini aliyenyonyolewa, kwa bei rahisi kuliko kuku, jiulize ameangukaje.